Nani Alichora Mstari Kwenye Kadi ya Mtoto?

Kila mzazi wa Afrika Mashariki aliyewahi kumpeleka mtoto kliniki anaijua ile mistari iliyopinda inayopanda kwenye kadi kutoka kushoto kwenda kulia. Nukta ya uzito ikiangukia katikati ya mistari, muuguzi huandika na kumwita anayefuata. Ikiangukia chini, huanza kuuliza mtoto ananyonya vipi, anakula uji mara ngapi, aliharisha lini. Kadi hiyo tunaiamini bila kuihoji, na ni wachache sana wanaouliza mistari yake ilitoka wapi, ilichorwa kwa vipimo vya watoto wa nani, na kwa nini ikawekwa pale ilipo badala ya kuwekwa kidogo juu au kidogo chini.

Mmoja wa watu waliotumia maisha yao ya kazi kulijibu swali hilo ni Tim Cole, mtakwimu wa tiba wa Uingereza aliyekuwa profesa katika Taasisi ya Afya ya Mtoto ya University College London. Si daktari wa watoto, na jina lake halijulikani nje ya duru za wataalamu, lakini hesabu zake zimo ndani ya kadi nyingi za kliniki duniani, zetu zikiwemo. Ninaiangalia kazi yake hapa kwa sababu moja. Mstari wa kwenye kadi ni uamuzi wa binadamu, wenye sababu zake na mipaka yake. Waliouchora walijua hivyo na walisema hivyo kwenye maandishi yao. Sisi tuliopokea mstari bila kupokea maelezo yake tumeanza kuuchukulia kama ukweli wa mwili wenyewe, na matokeo yake ni kwamba tunazisoma vibaya takwimu zetu za udumavu.

Cole hakuanza na watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa kwenye kituo cha utafiti cha Penarth, kusini mwa Wales, kilichochunguza magonjwa ya mapafu yanayoletwa na vumbi la makaa ya mawe. Mchimba migodi akipimwa kiasi cha hewa anachoweza kupuliza, namba inayopatikana inategemea pia kimo chake, kwa kuwa mtu mrefu ana mapafu makubwa hata kama yanaumwa. Swali la mtakwimu likawa: ukitaka kumlinganisha mrefu na mfupi kwa haki, kimo ukiondoe vipi kwenye hesabu? Mwaka 1975 Cole alichapisha makala kuhusu jambo hilo hilo, na mtu akiyapitia maandishi yake ya miaka iliyofuata ataona kwamba swali lile halikumwacha. Lilibadilisha nguo tu. Uzito ukiondolewa urefu unapata unene. Urefu ukiondolewa umri unapata ukuaji. Kazi yote ya takwimu za afya ya mtoto, ukiitazama kwa makini, ni kutafuta ni kitu gani cha kuondoa kabla ya kulinganisha.

Kutoka hapo alihamia Cambridge, kwenye kitengo cha utafiti wa lishe kilichoitwa Dunn, alikokaa zaidi ya miaka 20. Dunn ilikuwa na kituo Afrika, katika kijiji cha Keneba nchini Gambia, ambako watoto walikuwa wakipimwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 na ambako daftari za vipimo hazikuwahi kufungwa. Mwaka 1977 Cole, pamoja na daktari Michael Rowland na mtaalamu wa lishe Roger Whitehead, walitoa utafiti ambao ningependa kila afisa lishe wa wilaya ausome. Tatizo walilokuwa nalo ni lile lile la vijiji vyetu vingi: wakati wa mvua chakula cha msimu uliopita kimekwisha, mama yuko shambani kutwa, maji yanachafuka, mbu wanaongezeka, na mtoto anapata kikohozi, vipele, homa na kuharisha ndani ya miezi ile ile anayopungua uzito. Kila mtu anaona kwamba mtoto haongezeki. Hakuna anayeweza kusema kwa kutazama tu ni kipi kati ya hayo yote kinachomrudisha nyuma.

Walichofanya ni kuchukua kila kipindi cha kipimo cha kila mtoto, wakahesabu alitumia sehemu gani ya kipindi hicho akiwa na ugonjwa upi, kisha wakayaingiza magonjwa yote kwenye hesabu moja ili kila ugonjwa ubebe mzigo wake peke yake. Magonjwa mengi yalitoka bila hatia. Mawili tu ndiyo yaliyobaki: kuhara, kulikopunguza ongezeko la uzito na la urefu pia, na malaria, iliyogusa uzito bila kuonekana kugusa urefu. Matokeo hayo yalimaanisha kwamba kijiji kinaweza kugawiwa chakula cha ziada na watoto wakaendelea kuwa wafupi, ikiwa maji wanayokunywa hayajabadilika. Ni karibu nusu karne sasa, na bado zipo kampeni za lishe katika ukanda huu zinazohesabu mafanikio kwa magunia ya unga yaliyogawiwa.

Kazi iliyompa Cole jina, hata hivyo, ni ya mistari yenyewe. Ukiwapima watoto elfu wa umri mmoja na kuwapanga kwa urefu, mchoro unaopatikana hufanana na kengele: wengi wako katikati, wachache wako pembeni, na pande mbili zinalingana. Ukiwapanga kwa uzito, kengele inainama. Mkia wa upande wa wazito ni mrefu kuliko wa upande wa wepesi, kwa sababu mwili unaweza kubeba kilo nyingi juu ya kawaida lakini hauwezi kupoteza kilo nyingi kiasi hicho na ukaendelea kuishi. Kuinama huko kunabadilika kadiri mtoto anavyokua, na ndiyo sababu kadi za zamani zilikuwa na mistari iliyochorwa nusu kwa hesabu na nusu kwa jicho.

Njia aliyoichapisha mwaka 1988, na kuikamilisha mwaka 1992 akiwa na Peter Green, hueleza kila umri kwa namba tatu tu, zinazojulikana kwa herufi L, M na S. M ni kipimo cha mtoto wa katikati, yaani yule ambaye nusu ya wenzake wamemzidi na nusu amewazidi. S hueleza jinsi watoto wengine wanavyotawanyika kumzunguka. L ndiyo namba ya kunyoosha: inasema kengele imeinama kwa kiasi gani na vipimo vigeuzwe vipi ili isimame wima. Namba hizo zikishapatikana kwa kila mwezi wa umri, unaweza kumchukua mtoto yeyote na kusema yuko hatua ngapi juu au chini ya yule wa katikati, ambapo hatua moja ni kile ambacho watakwimu hukiita mkengeuko sanifu. Mfumo huo ndio unaotumika leo. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza viwango vipya vya ukuaji vya mwaka 2006 lilijaribu njia kadhaa, nyingine zenye namba ya nne, na mwishowe majedwali yaliyotoka yalikuwa ya L, M na S.

Uzuri wa njia hii ni kwamba inatenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja ni kupima mtoto yuko wapi katika foleni ya wenzake. Hilo ni hesabu, na hesabu ikifanywa vizuri haina ubishi. Kingine ni kuamua kwamba kuanzia mahali fulani kwenye foleni hiyo mtoto aitwe mgonjwa. Hilo si hesabu, na hakuna kanuni itakayolifanya liwe hesabu. Cole alilionyesha hili kwa vitendo mwaka 1994 alipopendekeza kadi za Uingereza zipangwe upya ziwe na mistari tisa, kila mmoja ukiwa thuluthi mbili ya hatua kutoka kwa mwenzake. Mstari wa chini kabisa uliwekwa mahali ambapo watoto wapatao wanne tu katika elfu moja ndio wangekuwa chini yake. Sababu yake ilikuwa ya kiutendaji: kadi za wakati ule zilikuwa na mstari wa chini unaowakata watatu katika kila mia, na ukiwapeleka wote hao hospitali utawajaza madaktari watoto wazima kabisa ambao walizaliwa tu na wazazi wafupi. Mstari uliwekwa kwa kuzingatia foleni ya hospitali, na mtakwimu hakuona aibu kuliandika hilo.

Uamuzi mwingine wa aina hiyo ni ule wa mwaka 2000, uliochapishwa kwenye jarida la madaktari wa Uingereza na ambao labda ndio uliosomwa zaidi kuliko kazi zake zote. Wakati huo dunia ilikuwa inaanza kuzungumzia unene wa watoto, lakini kila nchi ilikuwa na kipimo chake. Kwa mtu mzima mpaka ulikuwa unafahamika: uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe, kipimo ambacho hospitalini huitwa BMI, ukifika 25 una uzito uliozidi na ukifika 30 una kiribatumbo. Kwa mtoto namba hizo hazifai, kwa kuwa BMI ya kawaida hupanda mwaka wa kwanza, hushuka hadi karibu miaka sita, kisha hupanda tena. Cole na wenzake walikusanya vipimo vya watoto na vijana zaidi ya 190,000 kutoka nchi na maeneo sita, yaani Brazil, Uingereza, Hong Kong, Uholanzi, Singapore na Marekani. Wakatafuta mstari ambao mtoto akiufuata hadi kutimiza miaka 18 ataifikia 25 kamili, na mwingine utakaomfikisha 30, kisha wakachukua wastani wa mistari ya sehemu hizo sita.

Ni hesabu ya kupendeza, na mimi naiona kuwa ya kiungwana pia, kwa sababu haikujifanya inajua kitu isichokijua. Haikudai kwamba mtoto wa miaka saba aliyevuka mstari ataumwa moyo. Ilisema tu kwamba huyu yuko kwenye njia inayoelekea mahali ambapo kwa watu wazima tumekwisha kukubaliana kupaita tatizo. Lakini tazama tena orodha ya sehemu zile sita. Hakuna hata moja ya Afrika. Mwaka 2007 walipoongeza mistari ya wembamba kwa njia hiyo hiyo, ikipita kwenye BMI ya 16, 17 na 18.5 ya mtu wa miaka 18, takwimu zilizotumika zilikuwa zile zile. Kwa maneno mengine, mtoto wa shule ya msingi wa Mwanza akiambiwa ni mwembamba kwa mistari hiyo, ameambiwa hivyo kwa kulinganishwa na watoto ambao hakuna mmoja wao aliyepimwa barani mwake.

Upande wa Shirika la Afya Duniani hali ni bora kwa watoto wadogo, na si bora sana kwa wakubwa. Viwango vya mwaka 2006 vya watoto wa chini ya miaka mitano vilijengwa kwa kupima watoto wapatao 8,500 wa Pelotas (Brazil), Accra, New Delhi, Oslo, Davis (Marekani) na Muscat, mji ambao Kiswahili bado kinazungumzwa ndani ya nyumba nyingi. Watoto hao walichaguliwa kwa makusudi: walinyonyeshwa, mama zao hawakuvuta sigara, nyumba zao hazikuwa na shida ya chakula wala maji. Lengo lilikuwa kuonyesha mtoto anavyopaswa kukua akipata haki zake, na jambo lililotoka ni kwamba urefu wa watoto wa Accra, wa New Delhi na wa Oslo haukuachana kwa kiasi cha kutia shaka. Hapa ule utetezi wa kusema kwamba sisi ni wafupi kwa asili ulipoteza nguvu nyingi, angalau kwa miaka mitano ya kwanza ya maisha. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 19, hata hivyo, mistari ya mwaka 2007 ilipatikana kwa kuzipitia upya takwimu za watoto wa Marekani waliopimwa kabla ya mwaka 1975. Hesabu ni mpya. Watoto ni wa zamani, na wa nchi moja.

Mshono kati ya vipande hivyo viwili unaonekana kwa macho. Mtoto mwenye BMI iliyo hatua moja na nusu juu ya katikati, akipimwa mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka mitano, huandikwa kwamba yuko kwenye uwezekano wa kuzidi uzito, maana kwa umri huo uzito uliozidi huanza hatua mbili juu. Akirudi mwezi mmoja baada ya kutimiza miaka mitano, mwili ukiwa ule ule, ataandikwa kwamba uzito wake umezidi, kwa kuwa mpaka umeshuka hadi hatua moja. Mtu anayedhani mistari hii ni ya maumbile hana namna ya kulieleza jambo hili. Anayejua kwamba ni maamuzi ya kamati mbili, kila moja na sababu zake, halimsumbui, ingawa atamwonea huruma muuguzi anayepaswa kumweleza mama.

Sasa tuje kwenye udumavu, ambako naona tunakosea zaidi. Mtoto anahesabiwa amedumaa ikiwa urefu wake uko zaidi ya hatua mbili chini ya mtoto wa katikati wa umri wake. Kwa namna kengele ilivyo, hata katika nchi yenye neema zote watoto wawili na kitu katika kila mia watakuwa chini ya hapo bila kuwa na tatizo lolote. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka 34 ya utafiti wa 2015 na 2016. Kwa Iringa ilikuwa karibu 57. (Taarifa huandika 56.9, lakini sampuli ya mkoa mmoja ni ya watoto mia chache na namba hiyo inaweza kuyumba kwa pointi kadhaa. Cole mwenyewe aliandika makala fupi mwaka 2015 akiwakanya watafiti wanaopenda desimali zisizo na kazi.) Iringa, Njombe na Rukwa ndizo zinazoongoza, na kila mwaka linaulizwa swali lile lile majukwaani: mbona mikoa inayolisha nchi ndiyo yenye watoto waliodumaa?

Kuna jibu linalotolewa haraka, kwamba nusu ya familia za huko hazijui kulisha watoto. Jibu hilo linadhani kwamba mkoa una makundi mawili, watoto wagonjwa 57 na watoto wazima 43. Lakini ikiwa zaidi ya nusu wako chini ya mstari, basi mtoto wa katikati wa mkoa naye yuko chini ya mstari. Kengele nzima imesogea. Kwa makadirio ya mvulana wa miaka miwili, ambaye kwa viwango vya dunia wa katikati wake ana sentimita karibu 88 akipimwa amelala na mstari wa udumavu uko karibu na 82, ni upungufu wa takriban sentimita 6 kwa mtoto wa kawaida kabisa, siyo kwa yule aliyetelekezwa. Wale 43 walio juu ya mstari nao wamesogezwa. Wengi wao wamepoteza sentimita tano au nne na hawamo kwenye hesabu yoyote. Kinachosogeza kengele nzima ni kitu kinachowagusa wote: maji, vyoo, mzigo wa kazi wa mama wakati wa kilimo, mlo wa mahindi matupu kuanzia miezi sita, uzito wa kuzaliwa. Huwezi kukipata kitu hicho kwa kuwasaka kaya kwa kaya watoto walio chini ya mstari na kuwapa mama zao semina. Utafiti wa Keneba wa mwaka 1977 ulikuwa umekwisha kuonyesha mahali pa kuanzia kutazama.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo: kuuchukua mstari uliowekwa kwa ajili ya kuhesabu mkoa na kumhukumia mtoto mmoja. Tazama kinachotokea kwenye ubao wa kupimia. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa amelala, akifikisha miwili husimamishwa, na kipimo cha kusimama huwa kifupi kwa takriban sentimita 0.7, tofauti ambayo viwango vyenyewe vimeizingatia lakini mpimaji aliyechoka huisahau. Ongeza nywele zilizosukwa, magoti yasiyonyooka, mtoto anayelia na kujipinda, na tarehe ya kuzaliwa ambayo bibi anaikumbuka kwa msimu. Katika umri huo hatua moja nzima ni kama sentimita 3. Nusu sentimita ya makosa inatosha kumhamisha mtoto kutoka kundi moja kwenda jingine, na ukirudia kipimo mchana atahama tena. Kwa mkoa haina shida, maana makosa ya huku na kule hufidiana kwa kiasi kikubwa. Kwa mama aliyeambiwa mwanawe amedumaa, ni jambo jingine.

Kwa mtoto mmoja unahitaji mstari wa aina tofauti, uliowekwa kwa kutazama mtoto atapatwa na nini, na ukanda wetu una mfano wake. Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi walitoa matokeo ya watoto zaidi ya elfu nane waliolazwa hospitalini humo. Walikuta kwamba mzunguko wa mkono usiozidi sentimita 11.5 unatabiri kifo wodini sawasawa na kipimo cha uzito kwa urefu, ambacho kinahitaji mzani, ubao na jedwali. Leo utepe wenye rangi nyekundu chini ya 11.5, njano hadi 12.5 na kijani juu ya hapo umo mfukoni mwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii kutoka Lamu hadi Bujumbura. Cole naye alishiriki kazi inayofanana na hiyo, iliyochapishwa mwaka 1991 na kundi la daktari Colin Morley huko Cambridge: orodha ya dalili 19 za mtoto wa chini ya miezi sita, kila dalili ikiwa na alama zake kulingana na uzito wa ugonjwa uliokuwa nyuma yake, ili mzazi asiye na taaluma yoyote ajumlishe na kujua kama anaweza kusubiri kukuche. Hapo mstari haumwulizi mtoto yuko wapi kwenye foleni, bali yuko karibu kiasi gani na hatari.

Gharama ya kuchanganya aina hizi mbili za mistari ilionekana waziwazi mahali ambapo hapakuhusu lishe. Miaka ya kuelekea 2012, Australia iliwafunga katika magereza ya watu wazima vijana wa Indonesia waliokamatwa wakifanya kazi kwenye mashua zilizobeba waomba hifadhi, kwa ushahidi wa picha ya eksirei ya kifundo cha mkono. Kitabu cha picha kilichotumika, kilichotungwa kwa watoto wa Marekani wa zamani, kinaonyesha mifupa ya mvulana iliyokomaa kabisa kwenye picha ya umri wa miaka 19. Basi ikachukuliwa kwamba mwenye mifupa iliyokomaa ana 19 au zaidi. Cole alikuwa miongoni mwa wataalamu waliotoa ushahidi kwenye uchunguzi wa Tume ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo, na hoja yake ilikuwa ya kitakwimu kabisa. Picha ya mfupa uliokomaa ni hatua ya mwisho. Kijana aliyekomaa mapema, akiwa bado na miaka 16 au 17, anayo, na mzee wa miaka 60 anayo. Haiwezi kutaja umri. Mashindano ya soka ya vijana barani Afrika hukagua umri kwa kipimo cha jamii hiyo, kwa mashine ya sumaku (MRI), na nadhani wachambuzi wetu wa michezo wangefaidika kwa kuijua hoja hii kabla ya kumwita mchezaji mwongo.

Mwaka 2010, katika umri ambao wengi hufikiria kustaafu, Cole alitoa njia nyingine inayoitwa SITAR, ya kumfuatilia mtoto mmoja katika kubalehe kwa kuuliza mambo matatu tu: ni mkubwa kiasi gani, anawahi au anachelewa, na anakwenda kasi gani. Sina nafasi ya kuieleza zaidi. Inatosha kuonyesha kwamba mtu yule yule aliyechora mistari ya umati alirudi kutafuta chombo cha mtoto mmoja mmoja, akijua kwamba cha kwanza hakitoshi kwa kazi ya pili.

Ukanda huu haukosi watu wa kazi hii. Ifakara, Kilifi na vyuo vikuu vyetu vina watakwimu wa tiba wa kiwango cha dunia, na madaftari ya vijiji vya Kilombero na Rufiji yamefuatilia maisha na vifo kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni kuwakaribisha mapema, wakati fomu inatengenezwa, badala ya kuwaita mwishoni wachore grafu ya ripoti ya wafadhili. Mfano mmoja unatosha. Siku ya kliniki muuguzi humpima mtoto kwenye mzani wa kuning'iniza, husoma kilo na gramu, huweka nukta kwenye kadi, kisha mwisho wa mwezi kinachopanda kutoka zahanati kwenda wilayani ni idadi ya watoto wa kila kundi. Wavulana wawili wa mwaka mmoja, mmoja wa kilo 7.8 na mwingine wa kilo 9.5, wote wako juu ya mstari wa hatua mbili, kwa hiyo wote huingia safu ile ile ya wazima. Kilo zao, ambazo zimepimwa tayari, kwa mzani ulionunuliwa na kwa muda wa muuguzi aliyelipwa, hubaki kwenye kadi nyumbani kwa mama. Wizara ikitaka kujua kama kengele ya kata hiyo imesogea, italazimika kusubiri utafiti wa kitaifa unaofanyika kila baada ya miaka kadhaa, nao utajibu kwa mkoa mzima. Kuiongeza fomu safu moja, ya wastani wa hatua ambazo watoto wa umri mmoja wako mbali na katikati, ni kazi ambayo simu ya zahanati inaweza kuifanya kwa majedwali ya L, M na S ambayo Shirika la Afya Duniani linayatoa bure.